Madabodi Isiyo na Kichwa

Likizo ile nilikwenda Bwera kwa sababu ya chakula. Kwetu Rukoki mama hupika maharage kama mtu aliyekula kiapo, lakini dada yake, mama mkubwa, aliolewa na Mwislamu mwenye lori, na nyumbani kwao samaki na ule ugali mzito wa muhogo tunaouita bundu havikosekani. Nilimwambia mama kwamba ninakwenda kumsaidia kaka kuunda kompyuta. Akasema kompyuta gani, wewe hata redio yetu uliifungua ukaifunga ikabaki na skrubu za ziada. Nikamjibu kwamba redio bado inaimba. Akasema ndiyo, stesheni moja.

Kaka ninayemsema ni mtoto wa pili wa mama mkubwa. Ana studio ya picha kando ya barabara iendayo mpakani mwa Congo: chumba kimoja, pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ngazi zisizofika popote, na ukuta mzima wa picha. Kuna za pasipoti, kuna za harusi, na kuna zile kubwa za maziko, ambazo familia huja kuagiza mtu akishafariki ili zitangulie mbele ya jeneza. Ukikaa pale mchana unatazamwa na watu wengi kuliko ukiwa darasani, na hakuna hata mmoja anayepepesa macho.

Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imeungua, na studio bila kompyuta ni pazia tu. Akakusanya vipande vya mpya pole pole. Kasha lilitoka Kasese. Madabodi, ule ubao mkubwa ambao vipande vyote hukaa juu yake, aliipata kwa mtu aliyeinunua zamani akaiacha ndani ya boksi lake. Prosesa, ambayo ndiyo akili yenyewe, ilitoka kwa fundi mmoja wa Kampala, ikaja na basi ndani ya kopo la maziwa ya mtoto lililojazwa pamba. Tukaunganisha kila kitu, tukabonyeza. Feni zikazunguka, taa zikawaka, na kioo kikabaki cheusi.

Tukazima, tukawasha. Tukachomoa RAM, kile kijiti cha kumbukumbu, tukaipuliza, tukairudisha. Mimi nikapiga ishara ya msalaba, kaka akasema bismillahi, tukawa serikali ya umoja wa kitaifa. Cheusi vile vile. Nilipoinama karibu niliona uso wangu ndani ya kile kioo, na nyuma yangu picha zote za ukutani, zikiwa zimeinama pia.

Kaka akampigia simu fundi wa Kampala. Fundi alijibu kwa sauti ya mtu anayetafuna.

"Hiyo madabodi ilitengenezwa kabla ya hiyo prosesa," akasema. "Haiijui. Ni kama mmempeleka bibi harusi kwa watu ambao hawakuambiwa kuna harusi."

Akatueleza. Ndani ya kila madabodi kuna programu ndogo iliyoandikwa kiwandani, inaitwa BIOS, na ndiyo inayoamka kabla ya kitu chochote na kuviita vipande vingine kwa majina. Yetu ilikuwa ya zamani, jina la prosesa yetu halikuwemo. Dawa yake ni kuiandika upya. Bahati yetu, madabodi ile ilikuwa na kitufe kidogo kwa nyuma: unatoa prosesa, unachomeka flashi yenye BIOS mpya kwenye tundu lake maalumu, unabonyeza, na madabodi inajisomea yenyewe.

"Bila prosesa?" kaka akauliza.

"Bila prosesa, bila RAM, bila kitu. Kuna taa ya kijani pale nyuma. Ikipepesa, inasoma. Ikiganda, imekataa. Ikizimika, imemaliza."

"Na umeme ukikatika katikati?"

"Hapo pia itazimika," fundi akasema. "Na hiyo madabodi mtaitumia kubebea chai."

Mimi nilicheka. Kaka hakucheka, na alikuwa na sababu.

Baba mkubwa, yule mwenye lori, alikuwa amempa siku ya mwisho. Alisimama mlangoni mwa studio akiwa na funguo za lori mkononi, hakuingia hata ndani. "Ijumaa, tukitoka kuswali Alasiri, gari inaenda Beni," alisema. "Kama hiyo sanduku yako inaongea, kaa na kazi yako. Kama haiongei, wewe ndiye tanboi wangu. Siwezi kulisha kijana mzima na pazia."

Tanboi ni yule msaidizi wa dereva anayekaa juu ya mizigo. Si kazi mbaya, mimi mwenyewe ningeipenda, unaona dunia na hakuna hesabu za kemia. Lakini mtoto wa kwanza wa nyumba ile alikuwa tanboi wa lori hilo hilo. Mwaka mmoja kabla ya likizo ninayoieleza walikuwa wakirudi kutoka Butembo, huko Congo, dereva akasimama kwenye mteremko ili magurudumu yakaguliwe. Matanboi huyagonga kwa chuma, moja baada ya jingine, wanasikiliza kama yana upepo wa kutosha. Dereva akiwa ndani alisikia gurudumu la kwanza likigongwa, akasikia la pili, akasikia la tatu. La nne halikugongwa. Akangoja. Aliposhuka alikuta chuma kimelala chini kando ya gurudumu, kimewekwa vizuri, kama mtu anavyoweka kitu ambacho anakirudia sasa hivi. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Hakuna aliyesikia bunduki wala mguu ukikimbia. Mpaka leo hakuna habari, hakuna mwili, hakuna hata mtu wa kuongopa kwamba alimwona mahali.

Mama mkubwa hakukubali matanga. Hakuna mtu anayemwita marehemu mbele yake. Anasema, "Hajarudi." Na vijana wa stendi ya lori, wakiliona gari lile linakuja, wote wanakumbuka kwamba wana kazi nyingine mahali. Ndiyo maana baba mkubwa alikuwa amebaki na huyu wa pili.

Basi kila mtu katika nyumba ile alijua jambo moja: madabodi ikisoma, kaka anabaki. Isiposoma, anapanda.

Sasa umeme wa Bwera. Nyuma ya studio kuna mashine ya kusaga muhogo, na ikianza kuunguruma balbu zote za jirani zinasujudu. Ile UPS ya kaka, ambayo kazi yake ni kushikilia umeme usianguke, betri yake ilikufa zamani na ilikuwa inatumika kuzuia mlango. Nilipendekeza tuchukue betri ya lori. Baba mkubwa akaniuliza kama nina wazimu au ninautafuta. Na Ijumaa ni siku ya soko, wamama wanavuka kutoka Congo na vikapu vya muhogo mkavu vichwani, mashine haipumui tangu alfajiri.

Isipokuwa saa moja. Mwenye mashine ni Haji, na Haji huzima kila kitu wakati wa swala ya Ijumaa. Hata mchomeleaji wa milango huzima, hata kinyozi. Saa hiyo tu umeme wa mtaa ule unatulia kama maji ndani ya chungu.

"Tufanye hapo," kaka alisema.

"Na swala?"

"Hiyo ndiyo shida. Siwezi kukosa Ijumaa kwa ajili ya madabodi, halafu nimwombe Mungu huyo huyo madabodi." Akaniangalia. "Wewe Mkristo. Siku yako ni Jumapili. Utabonyeza wewe."

"Niite afande kwanza."

"Afande," kaka akasema, bila hata kutabasamu, na hapo ndipo niliogopa mara ya kwanza.

Ijumaa ilifika na wingu limekaa juu ya mlima tangu asubuhi. Kaka alikuwa ameshusha faili kwenye kafe ya intaneti, tukafuta nyimbo zote kwenye flashi, tukaipa faili jina lile ambalo madabodi inataka, herufi kwa herufi. Tukailaza madabodi mezani juu ya boksi lake. Kaka akaitoa prosesa kwa ncha za vidole, akaiweka ndani ya kile kikopo cha maziwa, juu ya pamba, miguu yake midogo ya dhahabu ikiangalia juu. Pale ilipokuwa imekaa palibaki mraba mtupu wenye vitundu vingi. Sikupenda kuutazama.

Adhana ikaita. Kaka akavaa kanzu, akaondoka na baba yake. Nje, lori lilikuwa limeshapakiwa magunia ya chumvi ya Katwe, turubai juu yake. Halafu mashine ya muhogo ikazimwa.

Mtu ambaye hajawahi kulala Bwera hawezi kuelewa. Mlio ule unauzoea mpaka unadhani ni mlio wa hewa. Ulipokatika nilisikia masikio yangu yakitafuta kitu cha kushika. Unga uliokuwa ukiruka angani ukaanza kushuka pole pole barabarani, juu ya mabati, juu ya wamama waliokuwa wamekaa kwenye foleni na vikapu vyao, weupe kuanzia nywele mpaka nyusi, wote kimya. Mmoja aliniangalia kupitia mlangoni. Nikampungia mkono. Hakupunga.

Nikawasha umeme. Nikabonyeza kitufe, nikahesabu kidogo, nikaachia.

Taa ikaanza kupepesa.

Ni kitaa kidogo, kama jicho la panya. Lakini hakuna feni iliyozunguka, hakuna kioo kilichowaka, hakuna sauti. Ubao mtupu, kichwa chake kiko ndani ya kopo hatua moja pembeni, na unasoma. Kijani, giza. Kijani, giza. Nilijaribu kufanya utani, kwa sauti kabisa, nikiwaambia wale wa ukutani: "Wapendwa, msiogope, ni mwanafunzi tu." Sauti yangu ilikwenda mpaka kwenye zile ngazi za pazia ikarudi ikiwa nyembamba. Kila taa ilipowaka, vioo vya zile picha kubwa za maziko vilishika ukijani kidogo mahali pa macho. Niliamua kuangalia sakafu. Sakafu ilikuwa nzuri sana siku ile.

Mlango ukafunikwa na kivuli. Alikuwa mama mkubwa. Alibeba mfuko wa safari wa kaka: koti, blanketi, na bundu lililofungwa kwenye jani la mgomba, bado lilikuwa linatoa mvuke. Alikuwa ameshafunga mzigo wa mtoto wake na sisi hata hatujashindwa bado.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Hiyo inawaka nini?"

"Inasoma, mama mkubwa."

"Inasoma na nini? Kichwa yake si ile kwenye kopo?"

"Ndiyo ile. Kwa sasa haina kichwa."

"Na inasikia vile munaiambia."

"Inasikia."

Taa ikapepesa usoni mwake. "Basi mutu anaweza kuambiwa kitu hata kama haiko," akasema.

Nilikuwa na jibu, kwamba darasani kwetu tumejaa watu wa namna hiyo, na nililitoa, kwa sababu mdomo wangu hauna breki. Hakunisikia. Alikuwa ameinama juu ya meza, mtandio wake karibu uguse nyaya, na akaanza kusema na ile taa.

Alisema kwa Lukonzo, lugha yetu, ile ya chini chini wanayotumia kwa mtoto mchanga au mgonjwa. Kwetu jina la mtoto linafuata zamu ya kuzaliwa, mvulana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake. Yeye aliita la wa kwanza. Akaliita jinsi unavyomwita mtu aliye chumba cha pili, bila kupaza sauti, kwa sababu unajua anasikia.

Akamwambia: ndugu yako anataka kubaki. Akamwambia: najua uko peke yako huko, najua njia ile haina mtu wa kuongea naye. Lakini usimvute. Akarudia, usimvute, baba, mwache huyu akae na mimi. Kijani, giza, kijani, giza. Na naapa ilikuwa inapepesa katikati ya maneno yake, pale anapovuta pumzi, kama mtu anayeitikia kwenye simu. Nilijua ni programu. Nilijua faili inaitwaje. Nywele za mikono yangu hazikujua.

Ndipo balbu ya studio ikafifia.

Haikuzimika. Ilishuka ikawa rangi ya chungwa, jokofu la soda la duka la mbele likaguna, na ile taa ya kijani ikaganda. Ikabaki imewaka, haipepesi, inatutazama. Ikiganda, imekataa. Mama mkubwa aliacha kusema. Akanigeukia na sijawahi kuangaliwa hivyo, kama mtu anayeniuliza mimi, mimi wa maharage na skrubu, kama mtoto wake anakwenda.

"Inafikiri," nikasema. Ilikuwa uongo.

Balbu ikapanda tena. Taa ya kijani ikabaki imeganda. Halafu ikapepesa, mara moja, ikapepesa tena, sasa kwa haraka, haraka kuliko mwanzo, kama kope za mtu anayeamshwa. Na ikazimika.

Tukakaa. Ikizimika imemaliza. Ikizimika imekufa. Fundi hakutuachia namna ya kutofautisha. Ule mraba mtupu ulikuwa umetulia mezani, na mama mkubwa akanyoosha kidole chake akataka kuugusa, akakirudisha.

"Amekubali?" akaniuliza.

Hakusema "imekubali". Sikumrekebisha.

Nje watu walianza kutoka msikitini, na nyuma ya nyumba mashine ya muhogo ikaguna, ikakohoa, ikaunguruma. Balbu ikasujudu. Wamama wa foleni wakasimama na kujipangusa, wakawa watu tena.

Kaka aliingia mbio, kanzu ameikunja mkononi. Hakuuliza. Aliangalia uso wangu, akaona hakuna habari ndani yake, akanawa mikono, akaikausha, akachukua prosesa kutoka kwenye kopo. Ikaingia mahali pake yenyewe, bila kusukumwa. Akashusha kile kibano. Akapaka ile dawa ya kijivu ya kupoza, akafunga feni, RAM, kioo. Mikono yake ilitulia kabisa. Ya kwangu niliikalia.

Akawasha. Feni zikazunguka. Kioo cheusi.

Baba mkubwa alikuwa amefika mlangoni, kanzu yake ya Ijumaa nyeupe hata ukiiangalia macho yanauma, nyuma yake lori na dereva ameshaegemea usukani. Kompyuta ikajizima yenyewe. Mama mkubwa akashika mfuko wa safari. Ikajiwasha. Kioo cheusi. Ikajizima tena, ikajiwasha tena, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia kaka, maneno ya kweli, siyo yale yangu, wakati kioo kilipojaa maandishi meupe.

"Imeongea?" baba mkubwa akauliza.

"Imeongea," kaka akasema.

"Inasema nini?"

Kaka akasoma. "Inasema imeona mgeni kichwani. Inauliza kama tuendelee."

"Ijibu basi, usiiache imesimama."

Kaka akabonyeza. Baba mkubwa akaangalia kile kioo kwa muda, kama mtu anayepima gunia kwa jicho. Akasema, "Sawa. Kaa," akageuka akatoka.

Tukaswali, yaani wao wakaswali Alasiri, mimi nikala bundu la mtu mwingine kwa ruhusa ya macho ya mama mkubwa, kipande kidogo tu, kingine kikafungwa tena. Halafu baba mkubwa akaenda stendi kutafuta tanboi. Kutoka mlangoni tulimwona akiongea na wa kwanza, yule kijana akashika tumbo. Akaongea na wa pili, yule akaonyesha pikipiki yake. Wengine hawakungoja waongeleshwe.

Akarudi peke yake.

"Nani anapanda?" dereva akauliza kutoka dirishani.

Baba mkubwa alikunja kanzu yake, akaifunga kiunoni, akakanyaga gurudumu, akashika kamba, akapanda juu ya magunia ya chumvi. Alipanda vizuri kwa mtu wa umri wake. Kaka alitoka mbio ndani ya studio.

"Baba, shuka. Nitaenda mimi."

"Kazi yako iko ndani. Watu beko wanangojea picha za pasipoti."

"Baba."

"Nilikuambia ikiongea, kaa. Imeongea. Unataka niwe mwongo siku ya Ijumaa?"

Mama mkubwa alikuwa amefika kando ya lori na ule mfuko. Hakumwambia ashuke. Aliunyanyua kwa mikono miwili, naye akainama akaupokea.

"Hiyo ni chakula ya mutoto," mama mkubwa akasema.

"Mimi pia ni mutoto wa mutu," baba mkubwa akajibu, akaupanga vizuri katikati ya magoti yake.

Nilikuwa na utani tayari, mzuri kabisa, kuhusu mzee mwenye lori anayejiajiri mwenyewe kuwa tanboi. Niliutafuna nikaumeza. Lori likaondoka. Wamama wenye vikapu wakasogea lipite, unga ukainuka nyuma yake, na juu ya ule unga tukaiona kanzu.

Alirudi. Alirudi baada ya siku kadhaa na malaria, kanzu imekuwa rangi ya chai, akitukana barabara, dereva, mpaka na chumvi yenyewe. Lakini jioni ile hatukujua hilo. Kaka alirudi ndani kwa sababu kulikuwa na mteja amekaa kwenye kigoda anataka picha, na nikasikia akimwambia anyooshe shingo. Mama mkubwa alibaki barabarani, mikono bado iko mbele yake kama vile imeshika mfuko, akiangalia upande wa mpaka. Nikaenda nikasimama naye. Kile kitu cheupe kilikuwa kimeshapita geti la mpaka, kidogo kama punje, na alikuwa anasema kitu kwa Lukonzo, chini chini, jina lile lile la mtoto wa kwanza.